Herufi Mbili Zilizozidi

Sixbert alinipigia simu Jumanne, nikiwa sokoni Ngara mjini nachagua nyanya. Tulikuwa hatujaongea kwa miaka mingi, lakini sauti yake sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Hakuuliza habari za nyumbani wala za kazi. Alisema Mama Skola wa Nyamahanga amefariki, wamemzika Jumapili, na Jumamosi wanaondoa matanga. Nikasema poleni, kama mtu anayepewa habari za jirani wa shangazi yake. Kisha akaniuliza kama niliwahi kumwambia. Nikajibu kwamba mtandao unakatika, simsikii vizuri. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Nilikata simu, nikamlipa mwenye nyanya na kuziacha nyanya zenyewe mezani pake. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba nimerudi mikono mitupu na kwamba nalia.

Nimevuka arobaini. Nafundisha kompyuta sekondari, watoto wananiita Madamu Leo, kwa kulifupisha Leokadia, na wakiuliza kama niliwahi kutengeneza programu ya simu nawaambia ndiyo, moja, zamani, halafu nawarudisha kwenye zoezi. Kazi hiyo niliifanya mwaka mmoja tu. Mimi na Sixbert tulipangishiwa na mradi wa afya chumba nyuma ya duka la vifaa vya shule, chenye dirisha moja lililotazama migomba na choo cha jirani. Ukuta uliotutenga na duka ulikuwa wa hadibodi, kwa hiyo tulifanya kazi huku tukiisikia Ngara nzima: mtu anayetaka picha ndogo za kuvukia mpaka kule Kabanga, mwalimu anayetoa nakala za mtihani, mama anayemwomba mwenye duka amwandikie barua kwa mwanawe aliyehama bila kusema alikohamia. Mchana mke wa mwenye duka alitupikia. Sixbert alizoea kusema kwamba Jumatatu ni ndizi na maharage, ila Jumanne, kwa kubadilisha, ni maharage na ndizi. Aliurudia utani huo mwaka mzima nami niliucheka mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilidhani tutakaa pale tukila na kucheka hadi tuzeeke.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii. Wahudumu wa afya wa vijijini, huku Ngara na kule Biharamulo, wapewe simu yenye programu yetu. Mama akishikwa na uchungu, mhudumu abonyeze kitufe kimoja chekundu, na ujumbe uende kwa dereva wa pikipiki ya wagonjwa, ile ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma. Namba za madereva hazikugawiwa kwa mtu yeyote. Zamani ziligawiwa, watu wakawa wanawapigia siku ya gulio wawabebee mihogo. Kwa hiyo njia ilikuwa kitufe, na hapakuwa na njia nyingine. Na kwa kuwa kitufe kikibonyezwa dereva alitoka kweli, hata kama ni umbali wa saa nzima, tuliwakataza kabisa wahudumu wasikibonyeze kwa kujaribu. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa herufi kubwa, na niliwasomea kila semina.

Sasa kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Programu ya simu hujiandikia kumbukumbu ndani kwa ndani: saa fulani nimefunguliwa, saa fulani nimetuma ujumbe. Kila mstari wa kumbukumbu hutanguliwa na jina fupi la kuonyesha umetoka sehemu gani ya programu, na jina hilo sisi mafundi tunaliita tagi. Simu za zamani zilikuwa na sharti kwamba tagi isizidi herufi ishirini na tatu. Programu yetu, kabla ya kuandika mstari, iliiuliza simu kwanza kama tagi hiyo inaruhusiwa. Simu mpya zilikwisha kuacha ukali huo. Uipe tagi ndefu kama treni, itaipokea. Simu ya zamani ikipewa tagi ya herufi ishirini na nne, haikati mkia wala haionyi. Inaifunga programu nzima palepale, na unachokiona kwenye kioo ni ile picha ya mandhari ya simu na saa. Sixbert aliniambia sharti hilo wiki ya kwanza. Aliliandika kwa chaki kwenye hadibodi, 23, akazungushia duara. Niliitazama namba hiyo kila siku nilipokuwa nakula ndizi na maharage.

Mama Skola nilimkuta kwenye semina ya kwanza kule Biharamulo. Jina lake kamili lilikuwa Skolastika Nyamwiza, mjane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Simu aliyopewa, ya zamani kama za wenzake wote, aliifunga kwenye kitambaa cheupe, kile cha kufunikia sahani ya mgeni. Wengine walijifunza kwa kubonyezabonyeza. Yeye alijifunza kwa kuandika. Nilikuwa nimewaambia wote wawe na daftari, na kila simu inapofanya kitu wasichokielewa waandike imefanya nini, ili nikija au wakinipigia wanisomee. Wengi waliandika siku mbili wakachoka. Daftari la Mama Skola lilijaa. Nilipofika kwake Nyamahanga mara ya kwanza alinisomea kurasa tatu, akiwa amekaa kwenye mkeka nami nimepewa kiti, na kila mstari ulianza na kile alichofanya yeye ndipo kikafuata kile ilichofanya simu. Nimewasha. Imewaka. Nimegusa picha ya nyumba. Imefungua. Nilimwambia anafaa kuwa fundi kuliko mimi. Akacheka, akasema yeye anaogopa tu kusingiziwa na mashine.

Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele chenye kalenda ya parokia, meza moja yenye kitambaa cha kufuma, na harufu ya moshi na maziwa ya mgando. Alinipa viazi vitamu vya kuchemsha kwa maziwa hayo, na kila nilipoacha kula aliuliza kama Ngara hatuli. Anisia, binti yake wa pekee, alikuwa amerudi kwa mama kuzalia mimba yake ya kwanza. Alipita na ndoo mara mbili, tumbo bado dogo, akatusalimu kwa aibu. Ndipo Mama Skola akalifungua lile dirisha la programu linaloonyesha kumbukumbu, tulilowawekea ili shida ikitokea watusomee kwa simu, akaweka kidole kwenye tagi ya kitufe chekundu, iliyobaki tangu siku alipomwitia jirani pikipiki. Ilikuwa imeandikwa OmbaPkpk. Aliniuliza hilo ni neno la wapi. Nikamweleza kwamba ni omba pikipiki, kwa ufupi. 

"Mwanangu, hapa pikipiki inaombwa," akasema. "Mwenye kuiomba yuko wapi? Kwetu hatutaji shida kabla ya kumtaja mwenye shida. Hata msiba, kwanza unasema ni wa nani."

Nilicheka, lakini njiani kurudi sikucheka. Aliyosema ni kweli. Hata mimi nililelewa hivyo: ukitumwa kuomba moto kwa jirani huanzi na moto, unaanza na mama aliyekutuma. Nilijiona nimekuwa fundi hadi nimesahau adabu. Wiki ile Sixbert alikuwa Rusumo, akifuatilia boksi la simu lililokwama forodhani na wakala asiyepokea simu. Ile simu ya zamani iliyopasuka kioo, ambayo yeye alijaribia kila toleo jipya, alikuwa nayo mfukoni. Mimi nikakaa peke yangu nyuma ya hadibodi, nikabadilisha ile tagi, nikamweka mwenye shida mbele: MamaMjamzitoAombaPikipiki. Niliisoma kwa sauti, nikaipenda. Nikabonyeza kwenye simu yangu mpya, ikaandika vizuri, ikatuma vizuri. Ile 23 ilikuwa ukutani mbele yangu, na duara lake. Sikuhesabu. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta kwa miaka.

Sikumsubiri Sixbert. Nilitaka kumwonyesha Mama Skola kwamba nimemsikia. Nilipanda basi hadi Biharamulo, nikapita kwa wahudumu mmoja mmoja nikiwawekea toleo jipya, na kwake nilifika mchana, wakati wa senene. Tulikula senene wa kukaanga tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mimi safari hii nimekataa kiti. Niliifungua programu kwenye simu yake, ikafunguka. Nikamwonyesha tagi mpya kwenye kikaratasi nilichokuwa nimeandika. Akaisoma polepole kwa kidole, neno kwa neno, na alipofika mwisho akaweka mkono kwenye bega langu.

"Sasa nimeerewa," akasema, kwa ile r yao. "Hata dereva akisoma, ataona ni mtu."

Kitufe sikukibonyeza. Sheria yangu mwenyewe ilinikataza, na sikutaka dereva atoke bure. Nilimwachia kikaratasi, akakiweka ndani ya daftari.

Anisia alishikwa na uchungu kabla ya wakati, siku ya mvua, baada ya chakula cha mchana. Habari zilitufikia Ngara kesho yake, kwa kinywa cha mratibu wa mradi, mtu mstaarabu ambaye hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema pikipiki haikuitwa. Alisema binti alibebwa na majirani kwa machela ya miti, kwamba njia ilikuwa utelezi, na kwamba mtoto alizaliwa kwenye kivuko cha mto mdogo, hakulia. Mama yake alipona. Kisha akaniomba nitazame kwenye mashine yetu kama kuna ombi lolote lililoingia siku ile kutoka kwenye simu ya Mama Skola. Nilitazama. Nilitazama mara mbili, kwa uaminifu wote, na nikamjibu ukweli niliouona: hakuna ombi. Aliandika. Niliuona mstari wenyewe kwenye karatasi yake: mhudumu hakubonyeza kitufe.

Simu alinyang'anywa mbele ya kikao cha kijiji. Sikuwepo, nilisimuliwa. Inasemekana alisema amebonyeza, akaulizwa mbona mashine haijaona, akasema labda mkono wake ulikuwa na maji ya mvua, labda miwani, labda aligusa pembeni. Alianza kuutetea ukweli akaishia kujilaumu, na watu wanaposikia mtu anajilaumu huwa hawatafuti zaidi. Kitambaa cheupe aliombwa akichukue, akakiacha mezani.

Sixbert alirudi na boksi lake baada ya wiki mbili. Alikuwa anajaribu zile simu, za aina ileile ya zamani, moja moja, anakula huku anabonyeza, na nilikuwa nampa mgongo niliposikia ameacha kutafuna. Akabonyeza tena. Akachukua simu nyingine, akabonyeza. Nilipogeuka programu ilikuwa imefungwa kwenye simu zote mbili, kioo kinaonyesha saa. Aliiunganisha moja na kompyuta, akasoma kosa, kisha akaanza kuhesabu kwa kugonga meza na kidole. Nilihesabu naye kimoyomoyo. Mama, nne. Mjamzito, kumi na mbili. Aomba, kumi na saba. Pikipiki. Kidole chake kilipogonga mara ya ishirini na tatu kilisimama, kisha kikagonga mara mbili zaidi. Nyuma ya hadibodi mtu alikuwa anauliza bei ya madaftari makubwa.

"Alibonyeza," Sixbert akasema. "Leo, yule mama alibonyeza."

Nilisema nitakwenda kumwambia. Nilisema nitakwenda Jumamosi. Kwanza nilifupisha tagi na kulisambaza toleo jipya siku hiyohiyo, hilo nililifanya haraka sana, maana kurekebisha mashine hakuhitaji mtu akutazame machoni. Jumamosi nilisema mvua. Wiki iliyofuata nilisema nasubiri mratibu arudi, ili tumwambie wote pamoja, ili iwe rasmi. Sixbert alinisubiri karibu miezi miwili. Aliniambia wazi kwamba yeye hatakwenda kusema kwa niaba yangu, kwa sababu ungamo halitumwi, na kwamba nisiposema hatakaa chumba kimoja na mimi. Nilidhani anatisha tu. Siku moja nilikuta meza yake tupu na ile 23 ukutani imefutwa, duara limebaki. Alikuwa amehamia Rusumo, akafungua kibanda cha kutengeneza simu za madereva wa malori. Nilimpenda, naweza kuliandika hilo sasa. Sikuwahi kumwambia hilo pia. Kuchelewa ni tabia, haiji kwa jambo moja tu.

Watu wataniuliza niliogopa nini, na mimi hujiuliza. Hapakuwa na polisi kwenye habari hii. Niliogopa ule mkono wake begani mwangu. Nilijua kwamba ningemwambia, angeliona jambo ambalo mimi ndiye niliyeliona peke yangu hadi hapo: kwamba tagi ile ndefu niliiweka kwa ajili yake, kwa maneno yake, na kwamba adabu aliyonifundisha kwenye mkeka ndiyo iliyoizuia pikipiki. Nilijiambia namwokoa na ukweli huo. Nilijidanganya vizuri, na uongo wa namna hiyo hukaa sana kwa sababu unafanana na huruma.

Jumamosi nilikwenda Nyamahanga. Nilifika watu wakiwa wengi tayari, wanawake wanamenya ndizi chini ya turubai, nami nikachukua kisu nikakaa nao, maana mgeni wa matangani ambaye hashiki kitu huulizwa maswali. Hawakunijua. Walikuwa wanamzungumza marehemu, kwa upole, kama watu wanavyomzungumza aliyezikwa juzi. Mmoja alisema hakika alikuwa mcha Mungu. Mwingine akauliza ni huyuhuyu aliyenyang'anywa simu, na wa kwanza akajibu kwamba ndiye, aliyeshindwa kubonyeza, na mjukuu akaondoka. Akasema hata watoto waliwahi kuiita nyumba hii kwa Asiyebonyeza, hadi padri alipowakemea kanisani. Kisha wakahamia kwenye bei ya mafuta ya kula. Niliendelea kumenya. Nilimenya ndizi hadi utomvu ukanigandisha vidole.

Baada ya chakula, msemaji wa ukoo, mdogo wake marehemu, alisimama na orodha mkononi. Aligawa majukumu, akashukuru walioleta kuni na maji, kisha akauliza, kama inavyoulizwa, kama kuna mtu mwenye neno na marehemu alitoe sasa kabla turubai halijashushwa, kwa sababu likishushwa neno hilo halina tena pa kwenda. Bwana mmoja alisimama kusema marehemu alimtunzia mbuzi akazaa mapacha, watu wakacheka kidogo. Msemaji akatazama huku na huku. Nilisimama. Nilianza na jina la mwenye shida, kama alivyonifundisha: Skolastika Nyamwiza, nikasema, alibonyeza kitufe. Kisha nikasema mimi ni nani. Nikasema kila kitu, kuhusu tagi na herufi ishirini na tatu na simu mpya na za zamani, na niliona nyuso hazielewi, nikaacha ufundi nikasema tu: simu ilikataa kwa sababu yangu, nililijua hilo mwaka uleule, nikanyamaza hadi amekufa.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Msemaji aliikunja orodha yake na kuikunjua, halafu akasema neno limesikika. Anisia alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mwanamke mzima sasa, watoto wawili pembeni yake. Aliinuka akaingia ndani. Alirudi na daftari, lile lile, jalada limefungwa kwa uzi kama miwani ya mama yake. Alilifungua mahali palipokuwa na kikaratasi cha mwandiko wangu, akanipa nisome. Ilikuwa siku ile. Nimebonyeza. Imefunga. Nimefungua. Nimebonyeza. Imefunga. Mwandiko ulianza mzuri, ukaenda ukipanuka, matone ya mvua yameyeyusha wino mahali pawili. Alibonyeza mara kumi na moja, na kila mara, huku binti yake akilia chumba cha pili, alisimama kuandika, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba simu ikifanya kitu asichokielewa aandike, nitakuja asome. Mstari wa mwisho ulisema: Leokadia akija nimwonyeshe, huenda ni mkono wangu.

"Alikungoja," Anisia akasema. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikwisha kuchoka. "Kila basi likisimama pale barabarani alikuwa anatazama. Ungekuja mwaka ule angekusamehe, namjua. Mimi bado sijui."

Nilimwambia sijaomba hilo. Akanipa kalamu, akaniambia niandike hapo chini, nisifupishe. Mkono wangu ulikuwa na utomvu wa ndizi na herufi zilitoka mbaya. Niliandika kwamba Skolastika Nyamwiza wa Nyamahanga alibonyeza mara kumi na moja na kwamba mkono wake haukuwa na kosa. Niliandika kosa lilikuwa la nani, nikatia jina langu lote. Anisia aliusoma ule mstari akiwa amesimama, midomo ikitembea, akaurudia tangu mwanzo kwa sauti ili mlangoni wasikie. Kisha akalifunga daftari kwa uzi wake, akawashika watoto mkono, akaingia ndani. Nilisubiri nje hadi turubai likashushwa na vyungu vikaoshwa, na hakutoka tena.